Bado Sijamwambia Kocha

Jumapili, 8 Septemba

Msimu umeanza na sisi tumeanza na kipigo. Nne kwa moja, nyumbani kwetu Hounslow, mbele ya wake zetu na chupa zao za chai. Hilo moja lenyewe walijifunga.

Kocha Ivano hakufoka. Alisimama ukingoni na lile koti lake refu la bluu, akasubiri ndege ipite juu yetu kwenda kutua Heathrow, kisha akaniuliza, "Kizito, leo umeangalia nyuma mara ngapi?" Nikasema mara nyingi. Akasema hapana, nilikuwa naangalia mpira, na mpira kila mtu anajua uko wapi.

Mimi ni kiungo na nahodha wa Maziwa Makuu, timu yetu ya Jumapili. Wengi ni Wakongo, Watanzania tupo wachache, Wakenya wawili. Karibu wote tunapakia mizigo uwanja wa ndege au tunatunza wazee wa watu. Nina cheti cha kwanza cha ukocha, kwa hiyo ni msaidizi wake pia. Yeye ana miaka sitini na nane. Alikuwa kiungo kwao Italia, akafika ligi ya juu kwa misimu miwili, halafu akafundisha timu za huko na za hapa. Sasa anatufundisha sisi, bila malipo, akitoka Kilburn kila Jumapili kwa treni mbili. Sijui tulimfanyia Mungu jambo gani jema.

Jumapili, 15 Septemba

Tumefungwa tena. Exaucé alifika wakati refa anakagua viatu, Kocha akamweka benchi mpaka mwisho. Exaucé ni mtoto wa dada yake Papa Shekinah, na Papa Shekinah ndiye mwenyekiti wetu. Alitazama mechi nzima amekunja mikono.

Jumapili, 22 Septemba

Kipigo cha tatu. Baada ya mechi kamati tuliitana nyuma ya duka la Avtar. Avtar ni Singasinga wa Kisumu, anauza vyombo na vitambaa, na jezi tunazovaa alinunua yeye. Tulikaa juu ya maboksi ya sufuria. Kocha hakuitwa.

"Ule muzee tunamupenda sana," Papa Shekinah alianza, na mtu akianza hivyo ujue kisu kiko mfukoni. "Ni mutu ya Mungu. Lakini timu ni ya benyewe. Kizito iko na cheti, iko na akili. Mwaka mupya, aanze yeye."

"Mimi sina shida na yeye, bwana," Avtar akasema. "Lakini watu wananiuliza, kwani hatuna kocha wa kwetu? Wewe Kizito, uko ready ama hauko?"

Nilikuwa tayari. Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nimeutaka huo ukocha tangu siku ya kwanza nilipomwona yeye akipanga koni kwenye majani.

Kisha likaja swali la nani atamwambia, na wote tukawa tunasoma maandishi ya kwenye maboksi.

"Muzee hawezi ambiwa vile tu, kavukavu," Papa Shekinah akasema. "Itamuumiza roho. Kwanza tumushukuru, akule, afurahi. Kisha Kizito, njo mutoto wake, atamwambia pole pole."

Watu wakashusha pumzi. Mimi pia nilikubali, na wala sikuona ubaya. Ndivyo tulivyolelewa wote, awe wa Bukavu, wa Bukoba au wa Kisumu. Mkubwa wako humrushii habari mbaya usoni. Unatanguliza chakula, unatanguliza shukrani, na anayemwambia ni mtu wake wa karibu.

Nyumbani nilimwambia mke wangu. Elinaja ni Mpare, hana maneno mengi.

"Hongera," akasema. "Na yeye anajua?"

"Bado."

"Basi na hongera yangu bado."

Jumapili, 29 Septemba

Mvua. Uwanja umejaa maji, mechi imeahirishwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kocha aliniita kwake Kilburn. Ni chumba na jiko juu ya duka la simu, mabasi yakipita vikombe vinatetemeka. Mkewe alifariki zamani. Alipika ugali wa kwao, wa njano, mlaini kama uji mzito, akaumwagia nyama ya mchuzi. Nilikula nikaongeza.

Kisha akaondoa sahani, akapanga vikombe na chupa ya chumvi mezani kunionyesha kiungo anavyopaswa kusimama. Alisema yeye hakuwa na kasi, hakuwa na kimo, na shuti lake halikuwahi kumtisha kipa yeyote. Alichokuwa nacho ni shingo. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshaangalia nyuma, kushoto na kulia, kwa hiyo ukifika tayari anajua unakwenda wapi. Kwa shingo hiyo alicheza mpira miaka kumi na sita.

Ukutani ana picha tatu. Katika zote kuna mtu mwingine anashangilia goli, na yeye yuko pembeni, nusu mwili umekatwa, anaangalia kwingine. "Mpiga picha hakunihitaji," akasema akicheka. "Ila kipa wetu alinitumia kadi kila Krismasi."

Nilitaka kumwambia. Lakini kamati ilisema kwanza karamu.

Jumapili, 13 Oktoba

Karamu imefanyika leo, ukumbi wa kanisa la akina Papa Shekinah, na nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Akina mama walipika wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki na maandazi. Papa Shekinah alihutubia kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza. Alisema Papa Ivano ni baba, ni zawadi, na jina lake halitasahaulika katika Maziwa Makuu. Kila neno lilikuwa kweli. Wakamvika shati la kitenge lenye madege mekundu, wakampa saa ya ukutani, wakamwimbia wimbo. Avtar alipiga picha. Mtu yeyote wa kwetu angejua mara moja kwamba anaagwa. Sisi hatumwimbii mtu hivyo bure.

Lakini yeye si wa kwetu. Aliinuka na shati lake, akajifuta macho, akasema kwa Kiingereza chake cha kugongana kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupoteza mechi tatu akafanyiwa sherehe. Kwingine mechi tatu zingetosha afungashe virago. Akasema amekutana na watu wanaojua maana ya subira. Na kwa kuwa tumemwamini hivyo, ana mpango wa msimu huu na wa msimu ujao, na kufikia Mei mwaka wa pili atakuwa ametutoa mkiani.

Tuliangaliana. Halafu Papa Shekinah akaanza kupiga makofi, maana mzee akimaliza kusema unapiga makofi. Na sisi wote tukapiga. Mimi nilisimama kabisa.

Tulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na tulifanya hivyo kwa adabu zote.

Wakati wa kuosha vyombo Papa Shekinah alinivuta pembeni. "Sasa njo zamu yako, ndugu. Lakini si leo. Leo iko na furaha."

Jumapili, 20 Oktoba

Tumeshinda! Mbili kwa moja. Niliangalia nyuma mpaka shingo inauma. Kocha alikuja na shati la kitenge ndani ya koti. Siku ya ushindi humwambii mtu jambo kama lile.

Jumapili, 27 Oktoba

Sare. Alikuwa na mafua. Sijamwambia.

Jumapili, 3 Novemba

Tumeshinda tena. Nilimfuata Papa Shekinah, nikamuuliza kama kamati haiwezi kufikiri upya, sasa tunapata pointi. Akanitazama kwa huruma. "Ni vizuri. Sasa ataondoka na heshima."

Nilimuuliza kwa nia njema, ndiyo. Ila aliposema hapana, kuna kitu ndani yangu kilifurahi, na kitu hicho ninakijua jina.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilikwenda Kilburn nimejiapiza. Njia nzima kwenye treni nilikuwa nayapanga maneno. Nilianza vizuri: "Kocha, katika kazi hii mtu huondoka siku moja." Akadhani nauliza kuhusu maisha yake, akafurahi, akaweka birika motoni.

Aliniambia jinsi alivyofukuzwa. Timu ya kwanza, ya mji mdogo wa pwani, alisoma kwenye gazeti akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Ya pili alifika mazoezini akakuta mtu mwingine amevaa koti lenye herufi za jina lake, IB, na yule bwana wala hakuitwa kwa herufi hizo. Haya alisimulia kwa kucheka na mimi nikacheka.

Ya tatu hakucheka. Alikuwa na msaidizi, kijana aliyemfundisha mwenyewe, anakula kwake kila wiki, mkewe Ivano anampikia. Uongozi ulishaamua, na yule kijana alijua miezi miwili nzima. Miezi miwili anaketi pale mezani anaomba aongezewe mchuzi.

"Kufukuzwa ni sehemu ya mpira," akasema. "Nimezoea. Lakini yule, nilikuwa nimempa kiti cha mke wangu akae."

Akasema mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumfukuza kiume. Rais wa klabu moja ndogo, fundi magari. Siku ileile walipoamua alimtafuta mpaka akamkuta kituo cha mafuta, mvua inanyesha, akamwambia machoni. Ivano alimkumbatia palepale, na walibaki marafiki hadi yule mzee alipokufa.

Baada ya hapo akaniuliza kama nitaongeza chakula. Nilisema nimeshiba. Sahani yangu ilikuwa bado nusu na alinishangaa.

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Imeshapita wiki ya sita.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Mechi imeahirishwa. Nilishukuru Mungu, kisha nikaona haya kumshukuru.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Kocha alipiga simu kuuliza goti langu bovu linaendeleaje. Linaendelea vizuri.

Jumapili, 24 Novemba

Upepo mkali na mvua. Imeahirishwa. Nimeanza kuipenda mvua kama mtu wa shamba.

Jumanne, 26 Novemba

Elinaja leo alinisema. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwa bibi anayemtunza huko Feltham, miguu imevimba, mimi nikamtengenezea chai, na badala ya kunywa akaniuliza, "Mwenzangu, unaogopa kumuumiza, au unaogopa akuone?"

Nikasema yeye haelewi desturi za timu.

"Desturi naielewa. Desturi inasema umwambie taratibu. Haisemi usimwambie. Na mlipomlisha pale kanisani, ungemwambia kesho yake, ingekuwa heshima. Sasa ni nini?"

Nikavaa viatu nikasema nakwenda dukani, na dukani sikununua kitu.

Jumapili, 8 Desemba

Leo ndio ulikuwa mwisho wa mambo, au nilidhani hivyo. Wakati wa kupasha misuli Exaucé alinipita akaniambia kwa sauti, "Coach, January naanza mimi, si ndiyo? Uncle told me."

Kocha Ivano alikuwa hatua chache nyuma yangu na mfuko wa mipira. "Coach" na "January" si maneno yanayohitaji mkalimani. Nikageuka, na yeye alikuwa anatabasamu.

"Vizuri," akaniambia. "Wameanza kukuita kocha. Msaidizi akiheshimiwa, timu inakuwa na mgongo." Akanigonga bega. "Usiwaahidi nafasi lakini. Januari tutaamua pamoja."

Nilisema sawa. Nikacheza vibaya kuliko siku zote za maisha yangu. Dakika ya sitini nilimwomba anitoe, akadhani ni goti.

Exaucé nilimkuta kwenye maegesho. Nikamfokea kama mwizi. Akanitazama tu. "Chill, man. Si mulisema ni yeye anajua?"

Hata yeye alikuwa akiamini kwamba mzee anajua. Alikuwa akimhurumia.

Jumapili, 22 Desemba

Mechi ya mwisho wa mwaka, tumeshinda tatu bila. Avtar alinipigia jioni. "Kizito, bwana, jezi mpya zinafika na tracksuit ya kocha nimeandikisha jina lako. Umeongea na yeye lakini?"

"Niko mbioni."

"Uko mbioni tangu Diwali. Ongea, bwana. Mimi nikikutana na yeye najificha nyuma ya gari, na mimi ni mtu mzima."

Jumatano, 25 Desemba

Misa, pilau, watoto wa majirani. Kocha alitutakia heri kwa simu. Elinaja alizungumza naye muda mrefu, aliporudisha simu hakusema walizungumza nini. Mimi nilijifanya nimelala.

Jumamosi, 4 Januari

Nimemwambia.

Nilifika Kilburn saa tano asubuhi. Baridi kali, jua kali. Alinifungulia mlango amevaa aproni. Alikuwa anapiga pasi vizibao vya mazoezi, vile vya njano na vya kijani, ambavyo huchukua nyumbani kufua kila wiki ingawa hakuna aliyemwomba. Alisema nikae. Sikukaa. Nilijua nikikaa atanipa chakula.

Nikasema, "Kocha, kamati imeamua kubadilisha. Wanataka mtu wa kwetu. Ni mimi. Kuanzia sasa."

Nilisema hivyohivyo, kavukavu, bila salamu, mimi niliyezunguka miezi zaidi ya mitatu nikitafuta namna ya upole.

Alichomoa pasi ukutani. Akakunja kizibao alichokuwa nacho mkononi, akakilaza juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akaniuliza, akiwa bado amekiangalia kile kizibao, "Waliamua lini?"

Nilikwenda pale kusema ukweli. Naapa nilikwenda kwa ajili hiyo. Hilo swali nilikuwa nimeliona likija tangu kituoni, na jibu lake nilikuwa nalo: Septemba, tarehe ishirini na mbili, na mimi niliinua mkono. Lakini aliinua uso akanitazama, na uso ule ulikuwa unaniomba kitu. Nikasema, "Jana jioni."

"Jana?"

"Jana jioni, Kocha. Nimekuja leo."

Machozi yalimlenga. Alizunguka meza ya pasi akanishika uso kwa mikono miwili, mikono ya moto ya kupiga pasi, akanibusu shavu hili na hili. "Bravo," akasema. "Bravo, Kizito. Umekuja mwenyewe." Akasema anajua si rahisi. Akasema nimempa kitu ambacho timu kubwa hazikumpa. Alisema mengine ambayo siwezi kuyaandika, si kwa kuwa nimeyasahau.

Kisha akanikalisha, akapakua, na mimi nikala. Aliniuliza kama nitaongeza. Nikaongeza.

Vizibao alivifunga kwenye mfuko akanipa. Alinisindikiza mpaka chini, barabarani, na lile shati la madege mekundu chini ya sweta.

Elinaja aliuliza, "Umemwambia?" Nikasema ndiyo. Akanikumbatia, akasema hongera, ile aliyoizuia tangu Septemba. Nikamwambia yaliyobaki. Mikono yake ikashuka.

Jumapili, 12 Januari

Mechi yangu ya kwanza. Ukungu, uwanja mgumu, refa alipita akiukanyaga akasema unachezeka. Nilivaa ile tracksuit yenye jina langu.

Sikutegemea atakuja. Alikuja mapema kuliko wachezaji, koti la bluu, skafu mpaka kidevuni. Avtar alimwona, akageuka kuelekea kwenye gari lake, lakini mzee alishamfikia na kumpa mkono. Akampa Papa Shekinah. Akawapa wote wa kamati, mmoja mmoja. Walipigwa na butwaa, kila mtu anatafuta pa kuweka macho.

Hapo ndipo aliponishika bega akanigeuza mbele yao, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea viwanja, "Nataka mjue mmechagua mtu wa namna gani. Mliamua Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Saa chache tu! Katika maisha yangu nimeona watu wawili wa hivi. Mmoja alikufa."

Ndege ilikuwa inapita ndani ya ukungu, tunaisikia hatuioni. Avtar aliangalia viatu vyake. Papa Shekinah alinitazama, na nikaona anahesabu: Ijumaa, Septemba, karamu, makofi. Akaelewa yote. Nilisubiri aseme. Karibu nimwombe kwa macho aseme.

"Njo vile, Papa," akasema hatimaye, taratibu, kwa heshima kubwa. "Kizito iko mutu ya kweli." Akageuka akaniambia, "Tafsiri."

Nikatafsiri. Nilijitafsiria mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mimi ni mtu wa kweli. Na wale wengine wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo adabu.

Mzee alitabasamu akamgeukia Elinaja, aliyekuwa amesimama na chupa ya chai. "Na wewe, signora," akasema, "lazima unajivunia."

Elinaja alimmiminia kikombe, akamshikisha kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa.

"Kunywa, Baba," akamwambia. "Kuna baridi."